Nyumba ya Pembeni mwa Makaburi

6 Februari

Mdogo wangu,

Kabla hujashtuka, huu si mwandiko wangu, ni wa shemeji yako. Mimi nimekaa kitandani nasema, yeye ameinama mezani anaandika, ulimi ameutoa nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Kiganja changu cha kulia kiliungua kwa pasi kazini. Si jambo kubwa, kinapona. (Ulimi sijautoa. Ni mimi, shemeji yako.)

Wapwa zako hawajambo. Mkubwa amerefuka hadi suruali zote zimemkimbia miguuni, mdogo ameng'oka jino la mbele na anapiga miluzi bila kukusudia. Wewe je? Tangu tulipomzika wifi yangu mwaka jana, barua zako ni mistari mitatu, na yote inasema "niko salama". Salama gani isiyo na habari?

Sasa sikia. Tumehama. Kule tulikokuwa unakujua: mchomeleaji vyuma chini ya dirisha, jenereta la kinyozi ukutani, pikipiki zinapita hadi kibarazani, na ukianika shuka jeupe jioni unalianua la kijivu. Nilichoka kelele. Huku tumepata vyumba viwili na kibaraza cha nyuma, nyumba imara, maji yanatoka, na ilikuwa imekaa tupu muda mrefu hakuna anayeitaka. Utajiuliza kwa nini. Ni kwa sababu dirisha la chumbani linatazama makaburi.

Usicheke. Shemeji yako wiki nzima amekula chakula amelipa dirisha mgongo. (Kweli.) Mama mwenye nyumba alitufungulia mlango akasema, "Majirani wa mbele watawasumbua, wana redio. Wa nyuma sijawahi kupokea malalamiko yao."

Lakini kuna miti, mdogo wangu. Mijohoro mikubwa, imeinamiana mpaka chini pana kivuli kitupu. Asubuhi upepo unaingia una harufu ya majani, si ya mafuta machafu. Njoo utuone.

Dada yako

27 Februari

Dada yangu,

Nimepokea barua, nimefurahi kusikia sauti yako japo kupitia mkono wa shemeji, ambaye namwomba asiache kazi yake ya kutengeneza magari akadhani amepata nyingine. Pole kwa kuungua. Paka dawa, usiguse maji ya sabuni.

Mimi niko salama. Kazi ipo. Nimemaliza sare za kwaya, na sasa nina suruali za bwana mmoja ambaye kila nikimpima kiuno anavuta tumbo ndani, halafu anarudi kulalamika kwamba inambana. Usiku na mchana malori yanapita, cherehani inatetemeka hata nisipokanyaga. Ndiyo maisha.

Kuhusu nyumba, watu huhama makaburini, ninyi mnahamia. Lakini mwenye nyumba ni wewe. Ombi langu ni moja tu. Habari za dirisha hilo usiniandikie tena.

Wasalimie wapwa zangu. Mwambie mdogo aendelee kupiga miluzi, meno yakiota ufundi huo unaondoka.

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu,

Nimesikia. Sitaandika habari za dirisha. Nitaandika habari za bustani. Pembeni mwa nyumba yetu pana bustani kubwa, imezungushiwa ukuta mfupi, na mimi sasa natembea humo kila asubuhi.

Shemeji yako ananishika mkono kabla hajaenda gereji. Siku ya kwanza tulifika mti wa pili, nikakaa juu ya jiwe fulani, sisemi jiwe la nini. Siku hizi tunafika kwenye bomba la maji, tunanawa uso, tunarudi. Nikirudi nahisi kama mtu amenifungua mshipi kifuani. Nakula. Nalala. Zamani nilikuwa nalala kama ninayesubiri kuitwa. Watoto nao wamebadilika. Kule walikuwa wanagombana kutwa kwa sababu chumba kilikuwa kimoja na nje hapachezeki. Huku wanachungulia ndege, wana majina ya kila mmoja, na mmoja wamemwita jina la mwalimu wao mkuu kwa sababu ya tumbo.

Mbona namshukuru Mungu kwa mambo madogo hivi, utauliza. Ndiyo hayo niliyonayo.

Haya, na mimi nina swali. Duka lako liko katikati ya soko, nyuma ya wauza nyanya. Wifi yangu alikuwa anakaa mlangoni anauza nyuzi na kupokea wateja, wewe ndani unashona. Niambie malori yanapita wapi hapo. Juu ya nyanya za watu?

Unashonea wapi siku hizi?

Dada yako

30 Mei

Dada yangu,

Nisamehe kwa kukawia. Barua yako imekaa juu ya meza nikawa naihamisha kama sahani chafu, mara huku, mara kule.

Hamjambo? Mwambie mkubwa nimemshonea suruali mbili, zina pindo refu ndani la kuteremshwa akiendelea na vituko vyake vya kurefuka.

Ndiyo, cherehani nimeihamishia chumbani kwangu. Nilisema ni kwa muda. Wateja wamezoea, wanapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, wanagonga, napima, wanaondoka. Chakula mama wa chini ananipandishia. Dirisha langu liko upande wa barabara kuu na pazia nimelifunga kwa sababu ya vumbi, kwa hiyo nawasha taa hata mchana. Siwezi kusema naumwa. Kichwa tu kinauma nyuma, na ngazi nikizishuka nachoka kama niliyebeba mtu. Basi, sizishuki. Dukani siwezi kwenda, dada. Kiti chake bado kiko mlangoni. Hapo tusiendelee.

Lakini usidhani wewe peke yako una macho. Nimehesabiwa makosa, na mimi nikahesabu ya kwako. Moto gani wa pasi usiopona, hata barua ya Machi bado ni mwandiko wa shemeji? Na aliyeungua kiganja, kwa nini ashikwe mkono ili atembee? Mti wa pili, halafu unakaa chini? Wewe uliyekuwa unanikimbiza na mwiko nyumba nzima?

Sema kweli. Na safari hii shemeji asipunguze neno.

Mdogo wako

12 Juni

Mdogo wangu,

(Shemeji, ni mimi. Nitaandika kila neno.)

Sote tuko hai, na hilo ndilo la kwanza.

Sikuungua. Nilianguka. Ilikuwa mwezi wa kumi na mbili, kazini. Unakijua chumba chetu cha kupigia pasi pale kwa dobi: mvuke, mashine, hakuna dirisha hata la kupitisha paka. Nilikuwa na shuka mkononi, nikaona limenitoka, nikainama kuliokota, mkono ukakataa. Nikataka kumwita mwenzangu, mdomo ukasema kitu kingine. Yeye ndiye aliyenidaka, kichwa hakikupiga sakafu. Nilipozinduka niko hospitali, upande wa kulia mzito kama si wangu.

Presha, wakasema. Ilikuwa juu muda mrefu na mimi najiambia ni uchovu. Daktari, mwanamke mdogo tu, alinipa dawa, halafu akavuta kiti akaniuliza, "Mama, ukitoka mlangoni kwako unaona nini?"

Nikamwambia, "Naona geti la mchomeleaji."

"Ukigeuka?"

"Jenereta."

"Na ukitaka kutembea, unatembelea wapi?"

Nilicheka, mdomo umepinda hivyo hivyo. Akasema, "Dawa utameza, hilo halina mjadala. Lakini unatakiwa utembee kila siku, mahali penye kivuli na hewa, ambapo moyo wako hautashtuka kila pikipiki ikipita. Kelele na joto vinakula mwili kimyakimya."

Tulijaribu mtaani kwetu. Siku ya kwanza nikakoswakoswa na pikipiki, siku ya pili moshi ukanirudisha ndani nakohoa. Presha ikipimwa baada ya mazoezi imepanda kuliko kabla. Hapo shemeji yako akaanza kutafuta nyumba. Akimaliza kazi anazunguka na baiskeli, anatafuta miti tu. Penye miti penyewe ama pana mageti na walinzi, ama ndipo hapa. Aliporudi kuniambia alisimama mlangoni, akidhani nitamtukana. (Nilidhani hivyo.) Kumbe mimi nilitaka kivuli, sikujali ni cha nani.

Sikukuambia kwa sababu wewe ulikuwa umetoka kuzika. Nikasema, huyu nikimpelekea habari nyingine ya mtu aliyeanguka ghafla, nitakuwa nimemsukuma. Nilikosea au sikukosea, sijui. Lakini sasa najua hali yako ni ipi, na mimi ni dada yako, kwa hiyo nitalisema hata kama utakaa miezi mitatu bila kunijibu.

Siku ile ya mazishi ya mkeo niliyaangalia sana makaburi ya huko kwenu. Wewe hukuona kitu, ulikuwa umeshikwa huku na huku. Mimi niliona. Wifi yangu amelala mahali penye miti, kwenye mteremko, majani ya kijani mpaka chini. Nikasema moyoni, afadhali.

Umewahi kurudi?

Dada yako

21 Julai

Dada yangu,

Kwanza pole. Nasema pole leo kwa jambo la Desemba, ndivyo ulivyotaka. Nilisoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa sakafuni, nikakukasirikia siku nzima. Kesho yake hasira zikaisha, ikabaki picha ya shemeji anazunguka na baiskeli anatafuta miti. Mwambie sina neno la kumlipa. Mwandiko wake nausifia kuanzia leo.

Sikuwa nimerudi. Hata mara moja.

Baada ya barua yako niliteremka ngazi nikasema naenda. Jua lilinipiga machoni nikasimama nimeshika ukuta. Nikavuka barabara, nikafika kwenye geti la makaburi, nikamwona mtu anatoka na jembe, nikageuka. Nikarudi chumbani kama mwizi.

Juzi nikaenda tena. Safari hii sikusimama getini, nilipita nimeinamisha kichwa kama mtu anayekimbia mvua. Na unajua kilichonipata? Sikuliona kaburi. Nyasi zilikuwa zimefika magotini, kila upande unafanana, na mimi siku ile ya mazishi, kama ulivyosema, sikuona kitu. Nilizunguka nikiomba radhi kwa kila niliyemkanyaga. Aibu ilinishika, dada. Mume mzima, hajui mkewe yuko wapi.

Nikalipata kwenye mteremko, chini ya mti. Nikapiga magoti nikaanza kung'oa nyasi. Sikusema lolote, sikuomba, nilikuwa nang'oa tu. Mikono yangu imezoea kitambaa, ikachubuka. Jasho likatoka. Kumbe nilikuwa nalia, lakini nilijua baadaye nilipofuta uso nikakuta udongo umekuwa tope. Nililia kwa sauti, hapo hakuna wa kumsumbua. Nilipomaliza nikajilaza pembeni, mgongo chini. Juu majani yalikuwa yanatikisika, mwanga unapita katikati yake, unanigusa usoni na kuondoka, unanigusa na kuondoka. Nikasema nipumzike kidogo.

Nilichoona baadaye ni kiatu cha mpira karibu na sikio langu. Mtunza makaburi amesimama na fyekeo lake.

"Ndugu yangu," akasema, "wanaolala humu huwa wanaletwa. Wewe umekuja kwa miguu yako. Amka."

Nikaamka nimechanganyikiwa. "Nimelala muda mrefu?"

"Nimekata nyasi upande wote huu unakoroma. Nikasema nimwache, ana usingizi wa deni. Lakini jua limegeuka, linakuunguza." Akaangalia kaburi, akaangalia mikono yangu. "Ni mke?"

"Ndiyo."

"Basi ukija tena uje na maji ya kunywa. Wajane huwa wanasahau maji."

Dada, nililala. Sikuota kitu. Kwa mwaka mzima nilikuwa nafumba macho na kuyafumbua, nikadhani ndiko kulala. Niliporudi, ngazi zilinichosha vilevile, lakini nilipofika juu nililifungua pazia. Vumbi liingie, nitafuta.

Nakushukuru kwa kuuliza lile swali. Mwanzoni nilidhani unanichoma, kumbe ulikuwa unanitumbua jipu.

Mdogo wako

10 Agosti

Mdogo wangu

Angalia vizuri. Huu ni mkono wangu.

Mistari inapanda mlima, najua. "M" yangu inafanana na uzio ulioangukiwa na ng'ombe. Nimeanza barua hii juzi, nikapumzika, nikaendelea jana, leo namaliza. Shemeji yako amekaa pembeni anasoma kila neno kwa sauti kama anatangaza mpira. Amefukuzwa kazi ya ukarani na hajawahi kufurahi hivyo.

Barua yako niliisoma kwenye kibaraza cha nyuma. Nilipofika kwa yule mtunza makaburi nilicheka mpaka watoto wakaja kuuliza. Nilipofika kwenye pazia nikaiweka barua mapajani. Nikamshukuru Mungu, nikamshukuru na wifi yangu. Nilimpenda sana yule. Ni wifi gani anayekuja kwako kukusalimia, kabla hajakaa ameshafagia?

Nimerudi kwa daktari. Presha imeshuka, akapima tena akidhani kifaa kimekosea. Akaniuliza, "Unafanya nini?" Nikamwambia, natembea makaburini. Akacheka, halafu akaandika. Lakini akanikanya: dawa ziendelee, miti haimezwi. Na kazi ya pasi basi. Vidole havishiki vizuri, na kile chumba sirudi. Hilo liliniuma, sikufichi. Miaka yangu yote nimenyoosha nguo za watu. Sasa nanyoosha miguu yangu.

Siko peke yangu tena. Jirani wa mbele, yule mwenye redio, siku moja aliniita juu ya ukuta. "Wewe mama, huogopi humo?"

"Naogopa pikipiki," nikamwambia.

Kesho yake alikuwa getini, kajifunga leso kiunoni. Ana sukari, na mwaka mzima ameambiwa atembee, hajui atembelee wapi. Akaja na dada yake. Sasa tunakwenda wanawake watano, tunaongea mpaka tunasahau tumefika wapi. Kuna siku tulikuta watu wanazika, tukasimama pembeni mpaka wamalize, tukawapa pole. Mama mmoja aliyefiwa alinishika mkono huu huu mbovu akasema, "Asante kwa kusimama." Nimekuwa nikilifikiria hilo.

Nenda tena, mdogo wangu. Chukua maji.

Dada yako, kwa mkono wake

16 Septemba

Dada yangu,

Barua yako nimeibandika ukutani, mwandiko ukiwa nje. Mteja mmoja akauliza kama ni mtoto wangu anayejifunza kuandika. Nikamwambia ni dada yangu mkubwa, na amefuzu.

Naenda, siku nyingi za wiki, asubuhi kabla ya kazi. Kichwa kimeacha kuuma nyuma, ama kinauma nimesahau kukisikiliza. Cherehani nimeisogeza mpaka kwenye ukumbi wa nyuma wa ghorofa, ambako kuna mwanga na mtu anapita kukusalimia. Duka bado. Usinisukume. Najua utanisukuma, lakini ngoja kwanza.

Sasa nikuambie kilichonifanya nikuandikie leo na si kesho. Kaburi la jirani na la mke wangu lina maua mekundu, na kuna mzee anayekuja kuyamwagilia kwa chupa. Ni dereva mstaafu wa treni, sauti yake bado inashindana na injini. Miezi hii tulikuwa tunaitikiana kwa kichwa tu. Wiki iliyopita akakaa chini karibu nami, akafungua chupa, akanipa ninywe kwanza.

"Wa kwako alikuwa mtu wa namna gani?" akaniuliza.

Dada, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Watu huniuliza alikufa na nini. Nikafungua mdomo, nikaona maneno yanatoka. Nikamweleza jinsi alivyokuwa akimpunguzia mteja bei ya uzi, halafu anamfokea kwa kupenda vya bure. Jinsi alivyokuwa akiimba wimbo mmoja tu, na huo mmoja anaukosea. Mzee akacheka, nami nikacheka, tumekaa pale katikati ya watu waliolala. Naye akanieleza wa kwake. Tulipoinuka jua lilikuwa juu.

Akasema, "Jumapili njoo nyumbani. Wanangu watakuwepo, na wajukuu, kelele tupu. Sahani yako ipo."

Leo ndiyo Jumapili. Nilikuwa nataka kumtumia mtu akamwambie naumwa. Nimeoga, nikafungua sanduku kutafuta shati, na hapo nikaaibika kabisa. Mimi fundi nguo, sina shati hata moja lenye vifungo vyote. Nguo za wateja nilikuwa nazimalizia mwenyewe, lakini za kwangu kila kifungo kilikuwa kazi ya mkono wa mke wangu. Sikuwahi kulifikiria jambo hilo hata siku moja alipokuwa hai. Kila asubuhi nilivaa tu, nikatoka.

Nikalitandaza shati moja mapajani. Kisha nikachagua vifungo vyeupe, nikatunga uzi kwenye sindano, nikavishona kimoja kimoja, kwa kubana, kama alivyokuwa anabana yeye. Kila kimoja nimemwambia asante. Nilikuwa nimechelewa sana kumwambia.

Na wewe nakuambia mapema. Asante, dada. Mwambie na shemeji.

Barua nitaitia posta nikipita. Wananisubiri kula, na shati nimeshalivaa.

Mdogo wako